Moto Uko Wapi?

Swali langu ni hilo, mwaka wa kumi na nne sasa.
Wao hunijibu kwa pumzi:
"Njooni! Unawaka!"
Wapi, ndugu?
"Hapa! Hapa kwetu!"

Hapa kwetu haimo katika ramani iliyobandikwa mbele yangu,
ramani kuukuu, yenye mashamba ya kahawa
pale penye maghorofa sasa na maduka ya vigae.
"Ukipita Kyaliwajjala, shuka kama unakwenda Mbalwa,
kata kona kwenye mfenesi ulioanguka."
Dereva Okurut hajawahi kuuona mfenesi huo.
Ulianguka kabla hajahamishwa kutoka Soroti.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto.
Wahenga hawakukaa zamu ya usiku
na lori moja, na tangi la dakika sita.

Usiku wa nyumba ya Kagoya nilisikia yote.
Simu aliiacha wazi, haikukatika.
Nikasikia mbwa. Nikasikia kioo.
Nikasikia ndoo na mabeseni yakipokezana
na mtu akizivuta nondo za dirisha,
nondo nzuri, zimechomelewa maua,
zimfungie mwizi nje.
Zilimfungia ndani Isabirye, darasa la tatu.

Lori lilikuwa pale chini, hatua mia mbili,
mbele ya ukuta ambao mwenye kiwanja
aliusogeza kidogo, akausogeza tena,
mpaka njia ikabaki ya mbuzi na bodaboda.
Okurut akawasha king'ora.
Ukuta haukuogopa king'ora.

Nikaandika kitabuni: saa nane na dakika kumi na mbili, simu.
Saa nane na thelathini na moja, gari.
Saa nane na thelathini na saba, maji yamekwisha.
Mtaani wanasema tulikuja bila maji.
Tulikuja nayo.

Baada ya matanga, Kagoya alikuja kituoni
na kopo la rangi nyekundu. Hakulia.
Alisema, "Nifundisheni mnavyohesabu nyumba."
Akaanzia geti lake: moja.
Wenye ghorofa walilalamika rangi inaharibu matofali yao,
basi kwao akapaka usiku.

Fundi Wandera akapita na mashine yake
akizikata nondo, akizitia bawaba,
na ufunguo juu ya msumari, kimo cha mtoto.
Dirisha la kwanza alitoza. La pili alitoza.
Alipofika kwa Kagoya akazima mashine, akakaa chini kidogo,
na toka hapo hakutoza mtu.

Bomba la zimamoto tulilikuta chini ya kibanda cha Nalule.
Miaka yote kifuniko chake kilikuwa kigoda cha jiko la chapati.
Alibishana nasi wiki mbili,
kisha akahamia hatua tatu kushoto.
Tulipolifungua, bomba lilikohoa,
likatema kutu, likatema upepo,
halafu maji, ya rangi ya chai.
Hutoka Jumanne na Ijumaa.
Siku nyingine tunaomba Mungu na visima.

Barua ya kuomba lori la pili imepigwa muhuri: imepokelewa.
Ni mwezi wa tisa.

Na ukuta? Ukuta ulianguka wenyewe.
Kila mtu Mbalwa anasema hivyo,
nami ni askari, nimeandika hivyo.

Jana, saa tano usiku, simu ililia.
Sauti ya mtoto, haraka, kama anayesoma ubaoni:
"Geti arobaini na moja. Jikoni. Mtungi wa gesi.
Wote tuko nje, nimewahesabu."
Swali langu likabaki mdomoni, halina kazi.
Okurut alikwishatoka, buti moja mkononi.

Nikamwambia, usikate, baki nami kwenye laini.
"Siwezi, afande. Naenda barabarani kuwaonyesha."
Akakata.
Sijawahi kukatiwa simu nikashukuru.